Kadi Isiyo na pa Kuchomekwa

“Dada, siku hizi hakuna anayefungua kasha la kompyuta,” alishikilia mdogo wake, akiipapasa kompyuta mpya ya mfumo wa Unix aliyoileta ofisini kama mtoto mchanga. “Nafasi za kuongezea kadi ni mambo ya kizamani.”

Dada mtu, mpima ardhi, aliinua kadi ya kuendeshea printa yao ya ramani, aliyoichomoa kwenye kompyuta ya zamani. “Na hii niichomeke wapi? Puani mwako?”

“Si ununue printa nyingine!”

Dada alicheka kwa dharau. Printa nzima itupwe ili kuifurahisha kompyuta! Na ramani za shule zilitakiwa mchana ule ule.

“Rudisha pambo lako dukani,” alisema, huku akiichomeka kadi kwenye kompyuta ya zamani. Akaiwasha, akaanza kuchapa.