Tuba la Fidencio

Kila Jumapili baada ya misa, bendi ya kijiji chetu, Santa Cruz Yagalán, hufanya mazoezi uani mwa kanisa, na Mwalimu Abundio huanza kwa kupangusa kiti cha Fidencio kwa leso yake. Fidencio yuko kaskazini, ng'ambo ya mpaka, anaosha vyombo hotelini. Tuba lake, lile baragumu kubwa la shaba lenye sauti nzito, lilibaki kitini, na hulia lenyewe kila anapoimba sehemu yake huko kwenye sinki. Akichelewa kuamka, tuba nalo huchelewa.

"Fidencio, mvivu wewe!" Mwalimu hukikemea kiti. "Unaingia kama mgeni aliyenusa nyama!"

Wapiga klarineti hucheka, mazoezi yakaendelea. Kwetu Yagalán mtoto husoma noti za muziki kabla hajasoma jina lake, na mpiga bendi hatolewi kwenda kuchimba barabara na wenzake, kwa kuwa kupiga ndiyo kazi yake kwa kijiji. Hata wanaogombea kijito cha maji hukubaliana kwanza juu ya wimbo wa kupatania, ndipo wapatane.

Kisha mzee Crisóforo, baba yake Fidencio, akafariki. Ndiye aliyelipiga tuba hilo kabla ya mwanawe, na desturi yetu ni kwamba mpiga bendi hashushwi kaburini mpaka ala yake ilizwe na mtu wa damu yake mwenyewe. Fidencio alikuwa mtoto wa pekee. Mama yake, Eufrosina, akampigia simu.

"Mwanangu, njoo umshushe baba yako."

"Kuja naweza, Mama. Kurudi huku ndiko hawataniachia pale mpakani. Na dawa zako tutanunua kwa pesa gani?"

"Basi imba. Maziko ni saa tisa. Na usiiruke ile sehemu ya katikati, baba yako aliipenda."

"Saa tisa niko zamu."

"Kwani sinki lina masikio?"

Siku ya maziko wanaume wawili walibeba kiti na tuba lake nyuma ya jeneza. Jirani yao Herlinda, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akasema, "Mtoto huyu! Hata kumzika baba anabebwa." Eufrosina akacheka huku anafuta machozi.

Kaburini, tuba likaingia kwa wakati, zito na pana, mpaka mchanga ukatikisika ukingoni. Jeneza likaanza kushuka. Walipofika ile sehemu ya katikati, tuba likanyamaza. Mdomoni mwake zikatoka kelele za sahani, na sauti ya mwanamume akifoka kwa lugha ya huko. Maneno hakuna aliyeyaelewa, ila kila mtu aliijua sauti ya bosi.

Mwalimu Abundio akaacha mkono juu. "Tumngoje," alisema. "Yuko kazini."

Wapiga ngoma wakashika vijiti hewani. Waliokuwa kwenye kamba wakakaza miguu, na Crisóforo akaning'inia katikati ya kaburi. Padri akakohoa.

"Padri, kama una haraka," Herlinda akamwambia, akionyesha shimo, "tangulia."

Kivuli cha msalaba kilikuwa kimefika kwenye viatu vya padri tuba liliporudi, dogo sana, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Bendi nzima ikashusha sauti isimzamishe. Hata matarumbeta, ambayo hayajui adabu, yalinong'ona. Jeneza likagusa chini pamoja na noti ya mwisho.

Nyumbani, wapiga bendi hulishwa kwanza. Eufrosina akakiweka kiti mezani, akapakua kuku kwa mchuzi mweusi wa pilipili na chokoleti, akaweka sahani mbele ya tuba.

"Kula, mwanangu. Umepiga vizuri."

Alingoja mpaka mchuzi ukaota utando.

"Sauti wameipitisha mpakani," alimwambia Herlinda. "Chakula changu ndicho wamekikatalia."

Ndani ya tuba maji yalikuwa yanabubujika, na sahani za watu zinapangwa moja juu ya nyingine.