Kilemba cha Gunia

"Kaza, baba! Kaza, linanikimbia!"

"Nimekaza mpaka mgongo unalia."

"Mgongo wako unalia tangu siku tuliyooana."

Mwanamke alikuwa amepiga goti juu ya gunia, sindano ya magunia mkononi, anashona kilemba cha mwisho. Mumewe, Redio, alikuwa amelikumbatia gunia kwa chini kama mtu anayemzuia mlevi asianguke. Jua lilikuwa bado halijachomoza vizuri, na uwanja mzima ulinuka vumbi la mahindi makavu.

Kilemba si jambo la mchezo. Gunia likishajaa mpaka mdomoni, linaongezewa mahindi mengine juu, halafu linavishwa kipande cha gunia kuukuu na kushonwa kwa kamba kuzunguka, hadi linakuwa na shingo na kichwa. Hakuna mnunuzi aliyewahi kusimama mlangoni kwao akakubali gunia lisilo na kilemba. Aliyeleta gunia la mdomo bapa alionekana mchoyo, au mvivu, au vyote viwili. Na kwa kushona kilemba, mkewe Redio hakuwa na mpinzani. Vyake vilisimama wima hata barabara iwe mbovu namna gani.

Jina la Redio alipewa na majirani. Alikuwa na redio ndogo ya betri, na alichokisikia asubuhi, mpaka jioni kila mtu alikuwa amekipata, akitaka asitake. Yeye ndiye aliyekuja mbio wakati wa mavuno akitangaza kwamba serikali imetoa bei. Itanunua mahindi yenyewe, kwenye ghala lake, kwa bei ya kumlinda mkulima, karibu mara mbili ya bei ya walanguzi.

Wiki hiyo hiyo akaja mlanguzi na hela taslimu mfukoni. Huyu watu walimwita Shemeji, kwa kuwa yeye alimwita kila mtu shemeji, hata asiyemjua. Mkewe Redio alitaka wauze yaishe. Redio akasema hapana, serikali imesema.

"Serikali imekuambia wewe?"

"Imewaambia wote. Wewe ulikuwa umelala."

Basi wakangoja. Wakala mboga za majani bila mafuta, wakapigana na wadudu ndani ya ghala lao la miti, wakayaanika mahindi na kuyaanua, wakayaanika tena. Ghala la serikali lilichelewa kufunguliwa, likachelewa tena. Na wakati wao wanangoja, mama mwenye shamba, mjane aliyeishi kwa kodi ya ile ardhi, naye alikuwa amesikia tangazo lile lile.

"Mahindi yamepanda bei, mwanangu," alimwambia Redio, wala hakusema kwa ubaya. "Na shamba limepanda nayo. Mimi nami nakula." Akaweka kodi mpya, na siku ya mwisho ya kulipa. Siku yenyewe ilikuwa leo, kabla ya giza. Jua likizama hajalipwa, shamba lingekwenda kwa bwana mmoja wa tumbaku ambaye alishaanza kulipita kila Jumapili, akilitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua.

Kwa hiyo wakapakia. Waliacha magunia ya chakula cha watoto, mengine yote yakapanda mkokoteni wa punda.

"Unaniahidi serikali italipa leo?" mwenye mkokoteni aliuliza, akifunga kamba. "Maana punda wangu hawasikilizi redio. Wao wanasikiliza pumba."

"Italipa papo hapo. Walisema papo hapo."

"Haya. Twende tukazione hizo papo hapo."

Ghala la serikali lilikuwa jengo refu la mabati, limepakwa rangi mpya upande wa barabarani tu. Juu ya lango lilining'inia bango la kitambaa, na bei imeandikwa kwa tarakimu kubwa kiasi kwamba Redio aliisoma wakiwa bado mbali. Akamgusa mkewe kwa kiwiko. Mkewe akaisoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mavuno.

"Haya, umeshinda," akasema. "Usinitangazie tu nyumba nzima."

Foleni ilikuwa ndefu. Mikokoteni, baiskeli, tela la trekta, na magunia yote, mpaka la mwisho, yamevaa vilemba. Ungedhani ni wageni wa harusi wamepangwa mstari. Jua lilikuwa limeshakaa utosini walipofika kwenye mizani. Karani wa mizani alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na jasho puani. Hakuyagusa mahindi. Alitazama vilemba tu, akatikisa kichwa.

"Hivi ni vitu gani?"

"Mahindi, bwana karani," Redio alijibu. "Makavu. Uma punje moja uone."

"Sijauliza mahindi. Nauliza hivi vichwa. Vilemba vimepigwa marufuku. Hapa linapimwa gunia bapa, mdomo umeshonwa sawa, kilo mia, basi."

"Marufuku tangu lini?"

"Tangu ghala lifunguliwe."

"Redio haikusema."

"Mzee, redio haisemi kila kitu." Kisha akalegeza sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Ni kwa faida yenu nyinyi. Walanguzi wamewanyonya miaka yote kwa hivi vilemba, wanalipa gunia, mahindi ya juu wanayachukua bure. Serikali imevikataza ili kumlinda mkulima."

Mkewe Redio alikuwa anamsikiliza, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo kwa sababu nimenyonywa," akasema, "sasa nirudishwe?"

"Hurudishwi, mama. Fumueni, mpunguze, mshone upya, mje. Pale pembeni kuna nafasi."

Pembeni kulikuwa na kokoto na mafuta ya lori yaliyomwagika. Wakatandika turubai la mkokoteni, wakaanza. Kushona kilemba ni kazi, lakini kukifumua ni kazi zaidi, hasa kama kimeshonwa na mtu anayejua. Mkewe Redio alikata fundo lake mwenyewe, akalikata jingine, na kila mara midomo yake ilicheza bila sauti. Redio akachota mahindi yaliyozidi, akayamwaga kwenye magunia matupu. Huku na huku wakulima wengine nao walikuwa chini, wamechuchumaa, wanafumua. Wembe ulipita mkono kwa mkono.

"Redio!" mmoja akapaza sauti. "Hebu tusomee taarifa ya habari ya mchana!"

"Mwache," mwingine akajibu. "Leo ana matangazo ya vifo."

Watu wakacheka, na Redio naye akacheka kidogo, kwa sababu kutocheka kungekuwa kubaya zaidi.

Waliposhona la mwisho jua lilikuwa limeanza kuinama. Wakasukuma mkokoteni hadi kwenye mizani, magunia yamelala bapa, mazuri, mdomo umenyooka kama mstari wa daftari. Karani alikuwa anafunga kopo la wino.

"Fungu limeisha," akasema, macho chini.

"Fungu gani?"

"Fungu la wakulima wadogo. Kila wiki kuna kiasi. Limeisha sasa hivi."

"Lakini bwana karani, tulikuwa hapa. Ulituona. Wewe ndiye uliyetuambia tukae pale."

"Niliwaona, mzee wangu. Njooni wiki ijayo."

"Wiki ijayo sina shamba!"

Karani akarudisha kalamu mfukoni. Nyuma yake lori lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea mlango wa pili wa ghala, na makuli walikuwa tayari wanashusha kamba zake.

"Na lile?" mkewe Redio akauliza.

"Lile lina kibali. Wale ni wa jumla. Fungu lao ni jingine."

Mwenye lori aliteremka akijifuta shingo kwa leso. Alikuwa Shemeji.

"Shemeji zangu!" akasema, na uso wake ulionyesha huruma ya kweli, au ya mtu aliyeizoea. "Wamewazungusha, eh? Mimi niliwaambia wakati ule. Sasa mimi nitawasaidia. Nanunua yote, hapa hapa, hela mkononi. Bei yangu mnaijua."

Bei yake ilikuwa nusu ya ile ya kwenye bango.

"Na vilemba viko wapi?" akaendelea, akipapasa gunia moja. "Mimi bapa sinunui, shemeji. Nitapata nini? Mahindi yale pale, mmeyaweka pembeni. Rudishieni tu."

Redio alimtazama mkewe. Mkewe alitazama jua. Mwenye mkokoteni akajifanya anamkagua punda kwato.

Wakashona vilemba upya. Safari hii mkewe Redio hakushona kwa madaha. Alitoboa na kuvuta, na vilemba vikasimama upande upande. Shemeji hakujali. Alilipa noti moja moja, akilamba kidole. Redio alizipokea, akamlipa mwenye mkokoteni, akazihesabu zilizobaki, akazihesabu tena, kisha akakaa juu ya jiwe.

"Zinatosha?" mkewe akauliza.

"Hazitoshi. Kodi ya mama yule ni ya bei ya pale juu." Akaonyesha bango kwa kidevu.

Shemeji alikuwa amesikia. Akaja taratibu.

"Zimepungua kiasi gani?"

Redio akamwambia.

"Basi si tatizo. Mimi nataka watu wa kufumua na kushona. Si mmesikia, ghala halipokei vilemba? Makuli wangu wanashona kama wanapiga viraka vya suruali. Nyinyi mkono wenu nimeuona. Shoneni bapa magunia yangu yote, haya yenu na yale ya kwenye lori. Likipimwa la mwisho, nawapa hicho kilichopungua. Kabla ya magharibi mko kwa huyo mama."

Mkewe Redio akachukua wembe.

Wakafumua. Mahindi ya vilemba yakajaza magunia mengine, nayo yakawa ya Shemeji, ya kupimwa pamoja na mengine kwa bei ya serikali. Makuli wakabeba. Karani akafungua tena kopo la wino. Gunia la kwanza la mahindi ya Redio likawekwa kwenye mizani, bapa, zuri.

"Kazi safi," karani akasema, akipitisha kidole kwenye mshono. "Mngeleta hivi tangu asubuhi." Akainua kalamu. "Mkulima ni nani?"

"Niandike mimi," Shemeji akasema.

Hapo ndipo mkewe Redio alipoweka sindano chini. Akapanda kwenye mizani, akageuka, akaketi juu ya lile gunia, miguu ikining'inia, vumbi jeupe hadi magotini. Mshale wa mizani ukaruka.

"Mama, shuka."

"Pima."

"Mama, shuka, tunapima mahindi!"

"Umeuliza mkulima. Huyu hapa. Pima."

Makuli wakasimama na magunia mabegani. Wakulima waliokuwa wanafunga mizigo yao kurudi nayo makwao wakasogea, na mmoja akapiga mbinja. "Mpime!" wakasema. "Mpime huyo, ni mkavu!" Kicheko kikapanda, lakini hakikuwa kile cha mchana. Karani aliinua kalamu, akaishusha. Shemeji akamsogelea Redio sikioni.

"Shemeji, mtoe. Wakifunga ghala kabla ya la mwisho, mimi sitoi hata senti."

Redio akapita katikati ya watu hadi kwenye mizani. Wakanyamaza kumsikiliza, kwa kuwa mtu yule alikuwa hakosi la kusema. Nyuma ya bati la ghala jua lilikuwa limeshakuwa jekundu. Akaweka kiganja juu ya goti la mkewe.

"Mama watoto," akasema kwa sauti ndogo. "Shamba."

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama karani, hadi karani akainamisha uso. Akashuka, bila haraka, wala hakukung'uta vumbi.

Mshale ukarudi kwenye kilo mia. Karani akaandika jina la Shemeji. Kuli akasukuma gunia linalofuata hadi miguuni pa mkewe Redio, naye akainama, akatafuta fundo kwa kucha, akaanza kufumua.