Mchezo wa Mikono

Orodha ya michezo niliiandika nikiwa kwenye foleni ya mzani, nyuma ya karatasi ya mzigo: mbio za magunia, kuvuta kamba, kukimbia na limau kwenye kijiko, kutafuta vitu vilivyofichwa. Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu, na baada ya miezi kumi na moja barabarani nilikuwa nimepewa likizo ya siku kumi. Siku nne kati ya hizo tungepiga kambi kando ya ziwa: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na wifi yangu. Nisifiche kitu, michezo yenyewe ilikuwa kisingizio tu. Nilitaka kitindamimba wangu wa miaka sita anishike mkono bila kusukumwa.

Tangu nifike alikuwa ananikwepa. Shikamoo aliitoa akiwa nyuma ya gauni la shangazi yake, na kila nilichomuuliza, jibu alimnong'oneza shangazi aniletee. Simlaumu mtoto, wala wifi, maana ndiye aliyemlea mimi nikiwa safarini. Lakini wivu nilikuwa nao, tena mwingi.

Hema mume wangu alilishona mwenyewe kutokana na turubai langu kuukuu. Ni fundi cherehani, na kwenye mishono hana mpinzani. Kazi ilikuwa kulisimamisha. Lilianguka mara mbili, na kijana wetu, mwenye miaka kumi na minne na mdomo wa mtu mzima, akasimama pembeni na kunikagua.

"Mama, matairi ishirini na mawili unayaweza, vijiti sita ndio vinakushinda?"

"Njoo ushike hapa, domo kaya."

Kwenye magunia, mdogo akachagua kuwa na shangazi. Kwenye kamba, shangazi. Limau likaja, mume wangu akasema kwa upole, "Safari hii nenda upande wa Mama, mwanangu." Mtoto akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Yeye ana nguvu, anaweza peke yake," akasema, akarudi kulekule. Nikajikaza kisabuni, nikaweka limau langu kwenye kijiko.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, orodha yangu ikaisha. Kijana ndiye aliyekuja na mchezo wake: mmoja anafungwa kitambaa machoni, anapewa mkono, anamtaja mwenyewe. Mwenye mkono haruhusiwi kutoa sauti.

"Mimi kwanza!" mdogo akaruka.

Wifi akamfunga kitambaa. Kijana akatuangalia wote, kisha akanisukuma mimi mbele. Nikanyoosha mkono.

Akaupokea kwa mikono yake yote miwili. Akapitisha vidole kwenye sugu za usukani, akaubonyeza kiganjani, akaugeuza.

"Mgumu. Kaka!"

"Siyo mimi," kijana akajibu kutoka kwenye mkeka.

"Baba?"

"Umekosa."

Akaunusa. "Shangazi, umejipaka nini?"

"Si mimi, mwanangu," wifi akasema, sauti yake imeshuka.

 Midomo ya mtoto ikawa inacheza, anatuhesabu.

"Basi," akasema, "watu wameisha."

Hakuna aliyecheka, hata kijana. Mimi ninayegombana na makarani wa mzani mpaka wananipisha, nikauacha mkono wangu palepale mikononi mwake. Iliniuma, iliniuma kweli, na machozi yakanitoka mbele ya wote. Mume wangu akapeleka mkono kwenye fundo la kitambaa ili amfungue. Nikamtikisia kichwa amwache. Mtoto alikuwa bado ameushika mkono wangu, ameanza kuuchunguza upya kutoka kidole gumba, taratibu, na mimi nilikuwa naomba asijue upesi.