Nondo Mbili

…iliyofichika, kasoro iliyofichika, ndivyo alivyosema wakili, neno zuri, mstaafu akalirudia moyoni polepole kama alivyoyapima maneno ya watu miaka thelathini kule masijala, ilifichika, sawa, ilimfichika nani, na kalamu ya wakili ingali juu ya karatasi, inangoja, "Mzee wangu, nauliza tena, kabla ya kukabidhiwa nyumba, uliona kasoro yoyote?" swali dogo tu, ndiyo au hapana, nyufa za plasta tuzisahau, wakili alikwisha kumweleza, muda wa fundi kuzirekebisha umepita, lakini linta, boriti ya zege iliyopinda juu ya dirisha la chumbani, ni jambo jingine, tutampa notisi ya maandishi, tutaleta mhandisi asiyemjua fundi wala kuwajua ninyi, fundi akikaidi kuna bodi ya makandarasi, kuna msuluhishi, kuna mahakama, yote yamo mkononi mwako, mzee, ikiwa hukujua… ikiwa hukujua, na asubuhi ile ya kumwaga zege la linta alikuwa juu ya jukwaa la mbao, ramani kwapani, fundi amechuchumaa anafunga nondo kwa waya, mbili, akahesabu tena, mbili, ramani inasema nne, "Shemeji, mbona waziangalia kama mwalimu anayeita majina? Hizo nyingine zina ruhusa, zinaumwa!" vibarua wakaangua kicheko, naye akacheka, Mungu amsamehe, alicheka, kwani fundi ni mdogo wa mkewe, wa tumbo moja, na mke yuko chini anamwambia jirani, mdogo wangu huyo, anatujengea kwa mikono yake, sauti imejaa, ungeikatiza vipi sauti kama ile, zege likamwagwa kabla ya adhuhuri… halafu hati ya makabidhiano, fundi ameandika "nimeikagua nyumba na nimelizika", nimelizika! akaikata L, akaweka R, z akaigeuza dh kwa mwandiko wake safi, akatia sahihi, alisahihisha herufi na kuuacha uongo palepale, "Mjibu basi, baba watoto," mkewe anasema kwenye kiti cha kushoto, kisha anamgeukia wakili, anacheka kidogo, "Aone nini huyu, mwanangu? Mtu wa mafaili, nondo atazijulia wapi?" anamkinga, bila kujua anamkinga na nini, na hapo ndipo pa kujificha, pana mlango na komeo, hapana, hapana, sikuona, wakili angeandika, kesi ingesimama imara… lakini miezi kumi na mmoja mwanamke huyu analala upande wa dirisha, anapenda upepo, na yeye mumewe, anayejua, alifanya nini, alisogeza kitanda shubiri mbili, akasema ni kwa ajili ya mvua, shubiri mbili, akashukuriwa… alidhani anamwogopa wakili, alidhani anaogopa sura ya shemeji mbele ya hakimu, kumbe tangu walipoketi hajathubutu kutazama kushoto, "Mzee?" kalamu haijagusa karatasi, feni inazunguka, kesi ikifa na ife, ukuta utavunjwa kwa njia nyingine, na lile jibu alilokuwa akilipanga na kulipangua tangu asubuhi kwa ajili ya wakili likajipanga upya lenyewe, na maneno yake ya kwanza yalikuwa "mke wangu".