Sura ya Mwisho Irudiwe

Kuta za chumba cha kurekodia zilibandikwa magodoro, na mlango pia. Humo mwalimu mstaafu alikuwa akisoma riwaya kwa ajili ya maktaba ya wasioona. Nyuma ya kioo alikaa fundi sauti, mwanamume mrefu mwenye mvi za pembeni, ambaye zamani alitaka kumuoa.

Alikataliwa. Shangazi wa mwalimu alisema mtu wa kuungaunga nyaya hawezi kulisha mke, na mwalimu, aliyekuwa binti mtiifu, akanyamaza. Fundi akabeba mkoba wake akaenda kutafuta kazi mji mwingine. Hakuna aliyegombana na mtu, na pengine wangegombana kidogo ingewafaa.

Mkutubi ndiye aliyewakutanisha, bila kujua lolote. Riwaya yenyewe aliichagua yeye: kitabu cha zamani cha wapendanao waliopoteana ujanani, wakaonana tena utu uzima. Wiki nzima wawili hawa walisemeshana ya kazi tu. Sogea. Kunywa maji. Rudia. Leo ilibaki sura moja. Ikiisha, mwalimu anarudi kwake, na fundi hana tena kisingizio cha kumwita.

"Rudia ukurasa huo," fundi alisema kwenye kipaza sauti. "Kiti kimelia."

Akarudia.

"Tena, samahani. Tumbo limenguruma."

"La nani? Langu nimelilisha viazi asubuhi."

"Basi ni karatasi."

Akarudia. Fundi alipotaja nzi, mwalimu aliweka kitabu chini, akatoka, akamvua vipokea sauti na kuvivaa yeye. Alisikiliza ukurasa mzima amefumba macho. Nzi hakuwemo.

"Mzee mwenzangu, huu ni uzushi."

"Ni uzushi," fundi alikubali, akikunja waya uliokwisha kukunjwa. "Ukimaliza utaondoka."

"Kwa hiyo nisome ukurasa mmoja mpaka nife?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuuliza. Kila nikikaribia kulipata neno, wewe umeshafika mwisho."

Mwalimu alivuta kiti, akakaa.

"Mara ile uliuliza ukoo mzima. Shangazi, wajomba, mpaka binamu zangu. Mimi ukaniruka."

"Nilifuata utaratibu."

"Na utaratibu ukakusindikiza mpaka stendi."

Fundi aliuachia waya. Miaka yote alijihesabu mtu aliyekataliwa na mwanamke huyu, kumbe hakuwahi kumuuliza.

"Basi nakuuliza wewe. Utaolewa nami?"

"Nitaolewa," mwalimu alisema, kama mtu aliyeulizwa saa. "Jumamosi twende tukampe shangazi taarifa."

"Taarifa? Siyo ombi?"

"Taarifa. Ila siku hizi hasikii vizuri, itabidi upaze sauti."

"Kiasi gani?"

"Mpaka majirani wapate habari."