Sheria ya Julai

Darla Stiltner alifika mahakamani mikono ikinuka sabuni ya mashuka, ametoroka kazini kwenye nyumba ya wazee. Askari wa mlangoni akamwamuru avue mkanda na viatu vikaguliwe.

"Haraka, mama, wenzako wanasubiri."

Wakili aliyepewa na jimbo alimkuta kwenye korido. Hakuketi hata kidogo.

"Sheria imebadilika. Zamani ulikuwa na miezi kumi na mitano ya kujirekebisha kabla jimbo halijaomba kukufutia haki zako za mzazi. Tangu Julai, kwa mtoto mdogo kama Josie wako, ni tisa. Na wewe uko mwezi wa kumi na moja tangu achukuliwe."

"Mlisema kumi na mitano, nikajipanga! Vidonge vya kulevya nimeacha. Kila wiki nakojoa kikombeni wanipime, mtu akinitolea macho. Kazi ninayo, nyumba nimepata juzi. Sasa mnaniambia muda uliisha nikiwa njiani?"

"Wabunge wanasema watoto wanakaa mno bila kujua kwao ni wapi."

"Kwao ni kwangu!"

Wakili akatazama saa. "Walezi wanaomtunza Josie wanataka kumfanya mtoto wao kabisa. Leo tunapangiwa tu tarehe."

Ndani, mambo yalikwisha kabla kiti hakijapata joto. Jaji akataja siku ya Novemba, wakili akaitikia, faili likafungwa. Darla alikuwa amekariri maneno ya kusema tangu alfajiri, na hakuna aliyemwuliza lolote. Akaimeza hasira, maana huko mama akipaza sauti huambiwa bado hajapona.

Kendra, afisa wa ustawi wa jamii, alimkimbilia kwenye ngazi za nje.

"Dada Darla, samahani, kuna kijambo. Walezi wanaomba kumkata Josie nywele. Jumamosi wanapiga picha ya familia. Mpaka jaji aamue, ruhusa ni yako."

"Familia gani?"

Kendra akawa mwekundu mpaka masikioni. "Zinamwingia machoni pia, dada."

"Kweli zinamsumbua?"

"Akila, ndiyo."

Darla akachomoa kibanio kichwani mwake, akakifuta kwenye suruali na kumtia Kendra mkononi.

"Wambane nywele kwa hiki. Kukata, hapana."

"Usijiharibie kesi, dada. Watauliza sababu. Niwaambie nini?"

"Waambie mama yake amekataa."