Vidole Viwili vya Kaka

Wenzake kwenye karakana walimwita Mlokole, naye hakukasirika. Tangu aokoke, pombe aliipa kisogo, matusi yakamhama mdomoni, na kila Alhamisi jioni aliongoza ibada nyumbani kwake. Somo alilolipenda lilikuwa moja tu: ukiokoka, umeokoka.

"Dhambi zote zilishafutwa, za jana, za leo na za kesho," alikuwa akisema huku akigonga meza. "Kutubu kila uchao ni kumwambia Bwana kazi yake hakuimaliza."

Hakuna aliyejua kwamba somo hilo alijihubiria mwenyewe.

Miaka sita nyuma, akiwa tayari ameokoka, aliondoa kinga ya msumeno wa mashine ili apasue ubao mnene, akasahau kuirudisha. Kaka yake, aliyemfundisha useremala tangu kushika randa, akaja kupasua mbao zake. Msumeno ukamla vidole viwili. Mwenye karakana alipouliza kulikoni, Mlokole alijikuta ameshajibu: "Kaka alikuwa amekunywa."

Kweli kaka aliwahi kuwa mnywaji, kwa hiyo hakuna aliyetia shaka. Alifukuzwa kazi mkono ukiwa bado kwenye bandeji. Mama yao naye akasikia, akaamini.

Wiki ile Mlokole alipiga magoti, akaanza, "Bwana, nime..." Akakatiza. Kwani si yote yalishafutwa? Akainuka, akajipangusa maranda magotini.

Sasa Alhamisi moja, katikati ya somo, mkewe aliyezoea kugawa chai na kunyamaza aliweka birika chini.

"Baba watoto, yule binti yetu ni mwanao, sivyo?"

"Swali gani hilo?"

"Juzijuzi alikudanganya. Uliacha kuwa baba yake?"

"Niache vipi?"

"Lakini siku mbili mlikula meza moja hamsemezani, mpaka alipokuja mwenyewe kukuomba radhi. Mwana alibaki mwana. Ila nyumba nzima ilinuna."

Watu wakaangua kicheko. Mlokole alicheka nao, kisha akafunga Biblia kabla somo halijaisha.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa kaka yake, ambaye siku hizi alitengeneza stuli kwenye kibaraza cha chumba cha kupanga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nishikie huo mguu, usiyumbe."

Akaushika. Akasema yote, macho kwenye stuli. Kaka akaweka nyundo chini.

"Nilijua," kaka akasema. "Ile kinga niliiona juu ya meza yako, damu ikinichuruzika."

"Mbona hukusema?"

"Nani angeniamini? Halafu nilikungoja. Nikasema, mdogo wangu ameokoka huyu, wiki hii atakuja. Haya, wiki ijayo. Mwaka wa kwanza nilikusamehe kila asubuhi. Baadaye nikachoka, nikaacha kukungoja."

"Nisamehe, kaka."

"Nimekusamehe." Akachukua msumari, akaugeuzageuza kati ya vidole vitatu vilivyobaki. "Lakini mama alikufa akiniombea niache pombe, na mimi nilishaiacha siku nyingi. Kila nilipomwambia, alinitazama tu kwa huruma. Yeye utamwambia nini?"

Mlokole alilia pale pale, mguu wa stuli mkononi, na kati ya kwikwi mbili akaimalizia ile sala aliyoikatiza miaka sita nyuma.

Jumatatu alimweleza mwenye karakana, mafundi wote wakisikia. Bosi alimwondoa kwenye mashine, akampa kazi ya kupiga msasa. Kisha akatuma ujumbe kwa kaka arudi kazini. Kaka alishukuru, akasema ameshazoea kibaraza chake.

Kwamba Bwana amemsamehe, Mlokole hakuwa na shaka. Ila kila anapomtembelea kaka yake, kaka huacha kazi, hunawa mikono, humfutia kiti vumbi na kumwambia "karibu sana" kwa adabu zote, kama anavyokaribishwa mgeni.